UZI: Jini la chumvi, Uhura na kaseti ya mjomba. Tamthilia za anga za zamani tulivyoziona Mtwara

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita nilimkuta kijana mmoja kazini anaangalia tamthilia mpya ya anga za juu kwenye simu. Vyombo vinameremeta, sayari zinazunguka, hakuna kinachokosekana. Nikamuuliza kama ameipenda. Akasema ni kali, ila akishaimaliza haikai kichwani. Nimelala na jibu lake siku tatu, kwa sababu mimi kuna kipande cha dakika 50 nilichokiona hapa Mtwara mwaka 1993, nikiwa na miaka 11, kwenye televisheni ya inchi 14 iliyojaa chenga, na mpaka leo nakumbuka hata nilikuwa nimekaa upande gani wa mkeka.

Naamini sababu ni hii: waliotengeneza zile tamthilia walikuwa na vitu vichache, na sisi tuliozitazama tulikuwa na vichache zaidi, basi kilichobaki ilibidi tukijaze wenyewe. Na ukishajaza mwenyewe, kinakuwa chako.

Wadogo zetu wajue kwanza hali ilivyokuwa. Bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar wenzetu walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi tulikuwa na redio, na mwenye deki ya video ndani alikuwa mtu mkubwa mtaani. Halafu Mtwara yenyewe ilikuwa mbali. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003. Kabla ya hapo ni pantoni, na masika ikishika, basi linalala kwenye tope siku mbili tatu, abiria wanachuma maembe ya watu. Kuna miezi tulikuwa tunasubiri meli ndipo tupate gazeti. Kwa hiyo kisa cha watu waliomo kwenye chombo, mbali na kwao, wanaosubiri sauti kutoka makao makuu, hatukuhitaji kuelezwa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia. Mwaka huo alishuka na deki, televisheni na boksi la kaseti kutoka Dubai. Nyumbani Chikongola pakawa hapatoshi: watoto kwenye mkeka, kina mama kwenye viti, vijana dirishani. Kaseti moja ilikuwa na vipande vitatu vya Star Trek, ile ya kwanza kabisa, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kukatishwa 1969 baada ya vipande 79. Hakuna aliyekuwa anajua Kiingereza cha kutosha isipokuwa kaka mmoja jirani aliyemaliza kidato cha nne. Yeye ndiye alikuwa anasimama pembeni ya televisheni na kututafsiria, kama tulivyokuja kumsikia Lufufu akitafsiri filamu miaka ya baadaye.

Kipande cha kwanza kwenye ile kaseti ndicho kile kile kilichofungua tamthilia usiku wa kwanza Marekani. Kuna sayari kame, kuna mwanamke anaishi pale na mumewe, na kila anayemtazama anamwona kwa sura tofauti. Daktari wa chombo, McCoy, anamwona msichana aliyempenda zamani, nahodha anamwona mama wa makamo, askari mwingine anaona sura nyingine kabisa. Halafu watu wanaanza kufa, usoni wana alama za mviringo, na wakipimwa mwilini hawana chembe ya chumvi. Kumbe yule si mwanamke. Ni kiumbe cha mwisho cha aina yake, kinaishi kwa kufyonza chumvi.

Chumvi, wakuu! Babu yangu mzaa mama alifanya kazi mashamba ya chumvi upande wa Mikindani. Namkumbuka nyayo zake. Zilikuwa zimepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na usiku bibi alikuwa anazipaka mafuta ya nazi huku babu ameuma meno. Bamvua likija wanafungua maji ya bahari yaingie kwenye mabwawa, wanaziba, jua linafanya kazi yake wiki hata wiki, kisha wanakwangua na kurundika. Chumvi ilikuwa inakula kila kitu pale: misumari, baiskeli, ngozi. Kwa hiyo mle chumbani tulikuwa tunamtazama kiumbe anayekuja kutafuta kitu ambacho kwetu kilikuwa kimejaa magunia uani.

Bibi ndiye aliyekataa. Alisimama kabisa. "Mwongo huyo! Jini halili chumvi, jini linakimbia chumvi." Maana kwa bibi chumvi ya mawe ilikuwa ndiyo ulinzi, inakaa pembeni ya mlango na hakuna asichofukuza nayo. Mtafsiri wetu akafikiri kidogo, akamjibu kwa heshima, "Bibi, hili ni jini la huko juu, limetoka mahali ambako chumvi imekwisha." Bibi akakaa. Akasema, "Basi lina njaa, maskini." Na hapo ndipo yule bibi asiyejua herufi moja ya Kiingereza alipokuwa amelishika jambo lenyewe, kwa sababu mwishoni, likishauawa, nahodha hafurahi. Anabaki kimya, anawaza nyati wa Amerika waliouawa hadi karibu kuisha.

Lakini sijafika kwenye kitu kilichonifanya nifungue uzi huu.

Katikati ya kipande, lile jini linajibadilisha tena. Safari hii linakuwa kijana mweusi wa kuvutia, linakutana koridoni na dada wa mawasiliano, Uhura. Na linamsemesha kwa Kiswahili.

Chumba chote kilinyamaza. Mtafsiri wetu mdomo wazi, hana cha kutafsiri. Halafu zikalipuka kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Rudisha! Rudisha!" Mjomba akarudisha mkanda. Tukasikiliza tena. Matamshi yalikuwa ya kigeni, maneno yamepinda, lakini ni Kiswahili, na yeye Uhura anajibu. Tulirudisha usiku ule mpaka mjomba akaogopa mkanda utakatika.

Nilipokua nikasoma jina lile limetoka wapi. Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, alikwenda kwenye usaili ameshika kitabu chenye neno Uhuru kwenye jalada. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akalipenda neno, wakalibadilisha mwisho ili lisikike kama jina la mwanamke. Hesabu basi: Tanganyika ilipata uhuru 1961. Miaka mitano baadaye neno lile lile limekaa kwenye kiti cha mawasiliano ndani ya chombo cha karne ya 23, limevaa gauni jekundu. Jina lake la kwanza likaja kuthibitishwa kwenye filamu ya 2009: Nyota. Nyota Uhura. Jina ambalo mtoto wa Shangani hapa Mtwara angeweza kuitwa leo na mtu asigeuke.

Na Nichols alitaka kuacha! Baada ya msimu wa kwanza alitaka kurudi kwenye maigizo ya jukwaani. Martin Luther King alikutana naye kwenye shughuli moja, akamwambia hawezi kuondoka, kwamba ile ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao kukesha kuitazama. Akabaki. Kuanzia 1977 akafanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Septemba 1992 Mae Jemison akawa mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani, naye alisema wazi kwamba Uhura alimwonyesha njia, na kila akianza zamu yake kule juu alikuwa anatamka maneno ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Huo ni mwaka mmoja tu kabla sisi hatujakaa kwenye ule mkeka. Nichols alifariki Julai 2022 akiwa na miaka 89. Siku hiyo nilimpigia mama simu, na mama akalia.

Kitu kingine kuhusu kipande kile, na hiki nakipenda mno. Mtengeneza vifaa alikuwa ameagizwa alete vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani. Akaleta vya kisasa sana, vya ajabu ajabu, wakaona mtazamaji hatajua kwamba ni vya chumvi. Wakatumia vya kawaida, na vile vya ajabu wakampa Daktari McCoy viwe vifaa vyake vya kutibia. Miaka mitatu yote anapima watu kwa vichupa vya chumvi! Milango ya chombo inayojifungua yenyewe ilikuwa inavutwa na watu waliojificha nyuma. Kule wahusika kuyeyuka chomboni na kutokea sayarini kulibuniwa kwa sababu kukishusha chombo kila wiki kungewagharimu fedha ambazo hawakuwa nazo.

Kipande cha pili sikikumbuki vizuri. Cha tatu kilikuwa na kimashine kinachoelea, kinaitwa Nomad, na hatukuwahi kukimaliza: deki ilikuwa inameza mkanda palepale kila mara, mjomba anautoa kwa vidole, umejikunja kama utumbo. Mtafsiri wetu akatumalizia kwa kichwa chake. Akasema kile kimashine kilipotea njia kikaja kutua bandarini kwetu, kikawauliza wabeba korosho kwao ni wapi, na kila mmoja akakionyesha upande tofauti. Baadaye nimeweza kuvitazama vipande vyote kwenye intaneti, lakini hicho sijakitafuta, kwa makusudi. Sikutaka kuupoteza mwisho wa kaka yule.

Kaseti yenyewe ilikufa 1998. Harusi ya dada yangu, mpiga picha akataka kaseti, na kabatini ikapatikana ile. Kile kidude cha plastiki cha kuzuia kurekodi kilikuwa kimeshavunjwa, wakazibia kwa gundi ya karatasi, wakarekodi harusi juu yake.

Nyie mliona zipi, na mliziona wapi? Karibuni.

#2

Mkuu umenirudisha mbali. Mimi ni wa Shangani, kwetu ilikuwa ni yule Steve Austin wa dola milioni sita, Lee Majors, tamthilia ya 1974 hadi 1978. Rubani kapata ajali, wakamjenga upya: miguu miwili, mkono mmoja na jicho moja vyote vya mashine. Sasa akikimbia kwa kasi ya ajabu, wanamwonyesha anakwenda polepoleee, na ule mlio wa chuma nyuma yake.

Hapo ndipo naungana na mtoa mada. Hawakuwa na namna ya kuonyesha mtu anakimbia kuliko gari, wakafanya kinyume chake kabisa, na ubongo ukakubali. Jioni maji yakitoka tulikuwa tunashindana ufukweni, kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na mshindi ni anayekimbia polepole kuliko wote huku akitoa ule mlio kwa mdomo bila kukata pumzi. Kulikuwa na mtoto wa mvuvi mmoja hakuna aliyemfikia. Mguu wake ulikuwa unakaa hewani mpaka unamwonea huruma.

#3

Knight Rider. Gari jeusi linaloongea, 1982 mpaka 1986. Baba alikuwa dereva wa lori, anabeba korosho kutoka Masasi kushusha bandarini. Alikuja kuona kipande kimoja kwa jirani, hakusema neno. Kesho yake alfajiri nikamsikia nje anaisalimia Isuzu yake na kuipa pole ya safari. Aliendelea hivyo mpaka anastaafu.

#4

Naandika kutoka Lindi mjini. Sisi ni wadogo zenu kidogo, kwetu ilikuwa Power Rangers, iliyoanza 1993 Marekani. Wengi hawajui kwamba zile picha za mapigano na yale mamashine makubwa zilichukuliwa kwenye tamthilia ya Kijapani ya 1992, Wamarekani wakarekodi vipande vyao vya vijana wa shule wakaviunganisha. Ndiyo maana wakivaa helmeti hauoni sura. Aliyemo ndani ni mtu mwingine, nchi nyingine.

Lakini nina maumivu na tamthilia hii, niyaseme. Yale mamashine yalikuwa na maumbo ya dainosaria. Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini kabisa kwamba dainosaria ni mnyama wa Marekani. Nilivichora kwenye daftari zima. Nimekuja kujua nikiwa sekondari kwamba Tendaguru, kilomita 60 hivi kutoka nilipokuwa nimekaa nachora, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913 wakatoa mifupa zaidi ya tani 200. Ilibebwa kichwani na mabegani na babu zetu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi hapa Lindi bandarini, ikapakiwa kwenda Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho kule Berlin, mita 13.27 kwenda juu. Hakuna mwalimu aliyenitajia jina la Boheti wala mimi simlaumu, huenda naye hakutajiwa.

Mwanangu sasa ana miaka minane. Naye anaangalia yale yale mamashine, toleo jipya. Jumamosi moja nilimpakia kwenye bodaboda hadi tulipoweza kufika, nikamwonyesha vilima kwa mbali. Nikamwambia walitoka hapa. Alikaa kimya njia nzima kurudi. Usiku akaniuliza, "Baba, waliobeba walijua wamebeba nini?"

Sikuwa na jibu. Bado naliwaza swali lile.

#5

Wakuu nawaheshimu, ila nitofautiane kidogo. Mnasifia mandhari ya maboksi na viumbe vya mpira kwa sababu mlikuwa watoto. Mtu mzima akivitazama leo bila kumbukumbu ataona mawe ya plastiki na ukuta unaotikisika. Vijana wa sasa wana kompyuta zinazochora ulimwengu mzima, hiyo ni hatua, si hasara.

#6 Mtoa mada

Mkuu #5, hoja yako nzito na siikwepi. Ni kweli kuna vipande vya zamani vibovu, visa vyenyewe havisimami hata ukiwa na miaka 11. Na zipo za sasa nzuri sana.

Ila nikuombe jambo moja. Tazama kile kipande cha chumvi, halafu zima picha ubaki na kisa. Mtu anayekiona kiumbe katika sura ya yule anayemkosa. Kiumbe cha mwisho chenye njaa. Daktari anayelazimika kukipiga risasi kikiwa bado kimevaa uso wa mpenzi wake. Hayo hayahitaji kompyuta. Kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kukuonyesha, ilibidi wakupe kitu cha kuwaza. Sasa hivi mwenye uwezo wa kuonyesha kila kitu mara nyingi anasahau kile cha pili, hicho tu ndicho ninachokililia.

Mkuu #4, swali la mwanao limenigusa. Mwambie na sisi huku tumelichukua.

#7

Mimi natoka Newala, nilikulia kwa bibi huku juu milimani. Naomba niongeze kuhusu huo "mpira" wa mkuu #5.

Anayejua mapiko, vinyago vya ngoma vya Wamakonde, atanielewa. Kinyago kinafunika kichwa chote, kimechongwa kwenye mti mwepesi, kimebandikwa nywele za mtu. Mwili mzima umefungwa nguo, hauoni ngozi hata ya kidole. Ngoma inalia kwa mbali kabla hajatokea. Siri za mapiko nitaziacha zilipo, lakini niseme nilichokipitia mwenyewe nikiwa mdogo: akili inakwambia haiwezekani, na miguu tayari inakimbia. Vyote viwili kwa pamoja.

Sasa nilipokuja kuona mijusi waliovaa sura za watu kwenye ile tamthilia ya V ya 1983, yule mwanamke anayemmeza mnyama akiwa mzima, wenzangu wa mjini walitetemeka usiku kucha. Mimi nilitulia, nikasema hawa nawafahamu. Uso juu ya uso, na chini yake kuna mwingine. Na wachongaji wetu wa mashetani, wale wanaotoa jicho kwenye goti na mdomo kwenye bega, wamefanya viumbe vya ajabu miaka na miaka bila kamera. Mpira si aibu. Aibu ni kama anayecheza haamini.

#8

Habari za jioni. Mimi ni fundi redio na televisheni hapa Mtwara, naingia jukwaani kwa nadra, lakini uzi huu umegusa kazi yangu.

Mnazungumzia picha, mimi niwape sauti. Doctor Who ya Waingereza ilianza tarehe 23 Novemba 1963. Ule muziki wake wa kufungulia, ambao ukisikika nywele zinasimama, aliutengeneza mwanamke anaitwa Delia Derbyshire kutoka kwenye noti za Ron Grainer. Hakukuwa na kinanda cha umeme cha kufanya vile. Alirekodi mlio mmoja mmoja, wa uzi uliopigwa, wa mashine ya kupimia, akaukata mkanda kwa wembe na kuuunganisha kipande kwa kipande, noti kwa noti. Mimi nimekata mkanda maisha yangu yote. Nikiusikiliza ule wimbo nasikia mikono. Na ule mngurumo wa lile sanduku la polisi wanalosafiria ni ufunguo wa mlango uliokwaruzwa kwenye nyuzi za piano, kazi ya Brian Hodgson.

Halafu kaseti kufutwa. Mtoa mada usione ni kwenu tu. BBC wenyewe walifuta vipande vingi vya miaka ya 1960, kwa sababu mikanda ilikuwa ghali na hakuna aliyewaza kwamba mtu angetaka kuvitazama tena. Kinachopatikana leo kimepatikana kwa sababu nakala ziliuzwa nje, Afrika ikiwemo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipande 9 vilivyopotea, vya 1967 na 1968, vimekutwa kwenye kituo cha televisheni Jos, Nigeria. Vilikuwa kwenye rafu tu, vinasubiri.

Ndiyo maana nauliza: hiyo kaseti ya harusi mmeitupa? Ni ya dakika ngapi?

#9 Mtoa mada

Fundi, ipo kwa dada yangu. Imeandikwa E-180. Kwa nini?

#10

Hiyo ni saa tatu. Vipande vitatu vya dakika 50 ni dakika 150. Harusi ilichukua muda gani? Kinachofutwa ni pale harusi ilipopita. Harusi ilipoishia, mkanda wa mbele uko kama ulivyokuwa.

Ilete. Usiicheze kwanza, kwa unyevu wa huku lazima ina ukungu na utaua hedi ya deki, ile inayosoma mkanda.

#11 Mtoa mada

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne.

Fundi aliifungua mbele yangu, skrubu tano. Kingo za mkanda zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Alikaa nayo jioni mbili, anauzungusha kwa mkono kidogo kidogo kwenye kitambaa laini, haongei. Kuna mahali akasimama, akaniita, akaniwekea kidole: pale pale palipokuwa panajikunja 1993. Alama za meno ya deki ya mjomba bado zipo. Alipanyoosha kwa ukucha wa kidole gumba, akapapuliza, akaendelea. Hela alikataa.

Tukaicheza. Harusi kwanza. Dada kainamisha kichwa, matarumbeta, kanga za sare. Na wakuu, bibi yupo. Bibi alifariki 2001, na hatuna picha yake inayotembea hata moja, au tulidhani hatuna. Amekaa kwenye mkeka, kamera inamsogelea na ile taa yake kali, anaweka mkono usoni, anasema, "Toa moto wako huo mwanangu, nitazame kwa macho." Sekunde tano au sita. Dada alikuwa amekaa karibu yangu, akanishika mkono hakuuachia.

Harusi ikaendelea saa mbili na dakika chache. Kisha chenga. Kisha ukaja mlio mkali, mstari ukapita katikati ya picha, na tukawa ndani ya chombo.

Ni kile cha tatu, cha Nomad. Kipande ambacho sikuwahi kukimaliza.

Ilivyo ni kwamba kile kimashine kimemfuta Uhura kumbukumbu zote. Yuko chumba cha wagonjwa, nesi anamfundisha kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Anasoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Anafika kwenye neno la rangi ya buluu, linamgomea. Anajaribu tena, linamgomea. Anakasirika. Na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili.

Nesi anamwambia hapana, si Kiswahili, Kiingereza.

Dada alicheka mpaka akalia. Fundi akasimamisha, akarudisha, hatukuwa tumemwambia.

Mwisho wake halisi nahodha anaibana mashine kwa maneno mpaka inajiona imekosea, na inajiharibu yenyewe. Ni mwisho mzuri. Wa bandarini na wabeba korosho bado naupenda zaidi, na yule kaka nimempata, yuko Nanyamba, anafundisha. Nimemwalika.

Fundi ameshaihamishia kwenye kompyuta. Jumamosi hii tunaitazama nyumbani Chikongola, harusi na chombo vyote, kuanzia mwanzo. Mkeka upo. Mjomba atakuwepo, ana miaka 74 na kasema deki yake ile anakuja nayo hata kama haitumiki.

#12

Saa ngapi mkuu? Natokea Mikindani na watoto wawili.

#13 Mtoa mada

Baada ya isha. Waje wote.

#14

Sisi wa Lindi tunatoka adhuhuri. Mwanangu anauliza kama anaweza kuja na lile daftari lake la michoro.